Kidole cha Kila Asubuhi

Kwa maneno ya Mama Mkaa, jirani wa mlango wa pili, alimwona kwa macho yake mawili. Mkasi alikuwa amekaa kibarazani kwa muuza vocha, kainamia simu, kidole kinaruka juu ya kioo kama kuku anayedonoa mtama.

"Anabofya, anacheka peke yake, anabofya tena," alisema, akipangusa masizi mikononi. "Kama si yeye anayekumaliza, basi mimi sijui hata makaa ni nini."

Vifungo hakuuliza zaidi. Tangu jana alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu, na sasa kaletewa mmoja mlangoni, tena mwenye sababu.

Jana mchana barua iliingia kwenye simu yake kutoka kampuni ya matangazo. Maneno machache, baridi. Matangazo kwenye tovuti yake yanabofywa kwa hila. Akaunti imefungwa. Malipo ya mwezi huu yamezuiwa. Akiona ameonewa, anaweza kukata rufaa mara moja tu, mwisho leo jioni.

Tovuti yenyewe aliijenga miezi minane, kwenye simu, katikati ya kazi yake ya kushona vifungo kwa fundi mkubwa, ndiko jina lake lilikotoka. Ilifundisha kukata kola, kupachika mikono, kumpima mtu mnene bila kumwaibisha. Aliitangaza kwenye kila kundi la mafundi lililomkubali, na matatu yakamfukuza kwa usumbufu. Kila aliyepita mlangoni alielezwa: ingia, soma, ukiona tangazo limekuvutia libofye, kampuni inanitupia chochote. Wengi walicheka. Mkasi, mkata nguo, ndiye aliyemchorea michoro ya kwanza, kisha wakagombana, akahamia mtaa wa nyuma.

Mwezi huu ndio angelipwa mara ya kwanza, na malipo yalikuwa na mahali pake: jicho la mama. La kushoto lilishazima. La kulia, daktari alikubali kulipasua Jumatatu, malipo yakitangulia, kabla hajahamishwa kituo.

"Likizima na hili," daktari alimwambia, "sitakuwa na la kukufanyia, binti."

Asubuhi ile kabla hajatoka, alimkuta mama kitandani, simu kuukuu imemgusa pua. Vifungo alimpa simu hiyo asikilizie redio. Kila siku alimwekea bando, na kila siku bando halikufika adhuhuri.

"Redio za siku hizi zinakula kama mbuzi kwenye mahindi," mama alizoea kujitetea.

"Macho yanasemaje leo, mama?"

"Tangu jana vitu vimepungua."

"Vitu gani?"

"Vitu tu. Nenda kazini, utachelewa."

Habari ya akaunti hakumwambia. Angeanzia wapi?

Kazini hakufika. Alikwenda moja kwa moja mtaa wa nyuma, akamkuta Mkasi kainama juu ya kitambaa, chaki sikioni.

"Umeniua, Mkasi."

"Salamu kwanza, dada."

"Mibofyo mia mbili kwa siku! Simu moja, mji huu huu. Inaanza saa moja asubuhi, inakoma kabla ya saa sita. Yote nimeiona kwenye takwimu za tovuti. Na kwa muuza vocha umeonekana unabofya! Hivi wewe unakula saa ngapi?"

Wateja wawili waligeuka. Mkasi alitoa chaki sikioni, akaiweka mezani polepole.

"Saa moja asubuhi mimi nakoroma. Muulize mke wangu, ndio ugomvi wetu wa kila siku. Na pale kwa muuza vocha nilikuwa nacheza karata za kwenye simu."

"Mwongo mkubwa."

"Nilikukasirikia, Vifungo. Sikukuchukia. Mama anaendeleaje?"

"Usimtaje mama yangu!"

Alitoka, akaegemea ukuta wa kwanza wenye kivuli, akafungua fomu ya rufaa. Unamshuku nani? Aliandika bila kusita: mshirika wangu wa zamani, kwa chuki. Aliandika na kuhusu jicho, akafuta, akaandika tena. Lazima kuwe na binadamu upande wa pili atakayesoma.

Swali la mwisho lilikuwa fupi. Je, wewe au mtu yeyote wa nyumbani kwako amewahi kubofya matangazo haya? Chini yake, kwa herufi ndogo: jibu la uongo litafunga akaunti moja kwa moja.

Hilo halikumpa taabu. Aliandika Hapana, akatuma, na kwa mara ya kwanza tangu jana akavuta pumzi ikashuka mpaka chini.

Nyumbani alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, simu kaishika kwa mikono miwili, kidole gumba kinapapasa kioo.

"Ni wewe? Afadhali. Njoo unisaidie, mwanangu. Nilitaka uje ujue siku ukishalipwa, ucheke, lakini macho yamenishinda."

"Kujua nini, mama?"

"Matangazo yako. Ukishatoka tu asubuhi, mimi nashika kazi. Nabofya mpaka bando linakata, mia mbili sikosi. Sasa tangu jana siyaoni hata moja. Naona kola na mikono tu."

Alinyoosha kidole gumba kuelekea sauti ya binti yake. Kilikuwa kimevimba.

"Hebu nishike kidole, mwanangu, uniwekee pale yalipo."