Sahani ya Kulinganishia

Dawa ilikuwa imeshindwa tena. Kwenye sahani ya nne, kama kwenye tatu za mwanzo, kipande cha figo kisichozidi punje ya mtama kilikuwa kimejaa vifuko vya maji.

Fundi wa maabara aliondoa jicho kwenye hadubini, akajifuta machozi. Vipande hivyo alivikuza mwenyewe kwa miezi mitatu kutokana na damu ya kaka yake: chembe za damu zikarudishwa kuwa seli shina, zile ziwezazo kuwa kiungo chochote, nazo zikageuka figo changa. Alivilisha kila siku, hata Jumapili, mpaka wenzake wakamtania kwamba ana watoto wengine humu ndani.

Ugonjwa ule wa vifuko, wa kurithi na wa kujificha miaka mingi, ulishammaliza mama yao. Sasa figo za kaka zimebaki jina tu.

Alimpigia simu. Kaka alikuwa ameunganishwa na mashine ya kusafishia damu.

"Niambie ukweli, mdogo wangu."

"Dawa haikufua dafu, kaka. Ijumaa unachukua figo yangu."

"Nilishakataa. Una watoto wadogo. Ukibaki na moja, nayo ikiharibika?"

"Madaktari wamenipima mpaka basi. Tumbo limepigwa picha, mkojo safi. Sina hata mafua! Kaka, kukuzika siwezi. Nakuomba."

Kaka aliangua kilio.

"Haya," alisema. "Ijumaa."

Fundi alikata simu. Aliogopa kisu, lakini angalau sasa kulikuwa na njia. Akaanza kukusanya sahani ili azitupe.

"Ya tano umeiangalia?" aliuliza mkuu wa maabara kutoka mlangoni.

"Hiyo ni ya mtu mzima wa afya, mama. Ya kulinganishia tu."

"Iangalie hivyo hivyo. Ripoti haifungwi ikiwa na pengo."

Aliiweka chini ya hadubini, akazungusha kirekebishi polepole. Kifuko cha maji. Kingine. Vinne. Akapangusa lenzi, akatazama upya. Vilikuwa palepale.

Mkuu alisogea, akainama kutazama, akakunja uso.

"Na huyu naye anaumwa! Damu hii uliitoa kwa nani?"

Fundi aliutazama mkono wake. Siku ile ya kuchukua damu ya kulinganishia, mtu wa kujitolea hakutokea, naye, kama wafanyavyo watu wa maabara siku zote, alikunja mkono wa koti lake akajichoma sindano mwenyewe.