Sukari ya Mpaka Makambako

Joto la Tanga likianza, wastaafu huondoka na magari-nyumba kwenda kupoa Njombe. Gari hupakia lenyewe mahitaji ya safari nzima na halibebi kitu kisichotumika. Mwaka jana gari la jirani yetu lilibeba blanketi moja tu la safari ya kurudi, naye akarudi mjane.

Jana mume wangu alisimama mbele ya skrini ya gari akisoma tutakavyokula njiani.

"Mama Tusekile, limesahau sukari. Tukishapita Makambako hakuna hata kijiko."

Yeye ana kisukari, hajaonja chai tamu miaka mingi. Sukari ya nyumba hii ni yangu peke yangu.

"Tutanunua huko huko, Baba Tusekile."

Akanitazama, na nikajua ameelewa. Akajimiminia chai, akatia sukari kijiko baada ya kijiko, akainywa yote mbele ya skrini.

"Umeona?" akaliambia gari. "Mnywaji wa sukari ni mimi."

Gari likaandika upya orodha yake. Kisha likafungua mlango wa nyuma, likaanza kushusha maji yote ya kuanzia Makambako, yangu na yake.