Breki ya Kamba

Gunia la mchanga lilisukumwa tena likadondoka ukingoni mwa jabali, na breki ikalishika tena. Mzee Bernadi alitamani iteleze, japo kidogo.

Breki yenyewe ilikuwa kipande cha chuma chenye matundu mawili. Kamba hupita humo ikijikunja, na mtu mmoja aliye juu anaweza kumshusha mwenzake bila jasho, mradi mkono wake wa kulia usiachie kamba. Maneno ya kazi yalikuwa mawili tu: "Legeza" na "Shika".

Ilikuwa enzi ya soko huria. Kahawa ilikuwa imekosa bei, na watu wa Mbinga waliteremka kwenye majabali ya ziwani kutafuta vito. Chuma kile kilikuja na mwenye mtaji. Tadei, mume wa Hilda, alishuka nacho wiki iliyopita, akaanguka akafa, na aliyekuwa juu ameshika kamba ni mkwewe, Bernadi, baba yake Hilda.

Asubuhi ya siku ile Tadei alivua kofia, akainama kidogo kama kawaida yake. "Shikamoo, Baba." Kijana hakuwa na makuu. Kisha akajifunga kamba kiunoni, akaenda.

Msibani Bernadi hakutoa chozi. Watu walidhani amejikaza, kumbe hakusikia chochote, si uchungu wala njaa. Alikaa tu kama kigoda. Jambo moja ndilo lililomwamsha kitandani leo: kama chuma ni kibovu, ataweza kumtazama binti yake usoni. Kama ni kizima, basi.

Othmar, msimamizi wa kazi, alilivuta gunia juu. Akakigeuza chuma, akakichungulia, akapitisha kidole kwenye matundu.

"Mzee, hiki hakina kosa," alisema kwa upole. "Pengine kamba ilikuponyoka tu. Ni ajali."

Bernadi aliitikia kwa kichwa. Hata hilo halikumchoma.

Hilda alikuwa ameketi kando na kitenge chake cheusi. Akainuka, akaja kumshika baba yake bega.

"Sikulaumu, Baba. Niambie tu, alisema neno lolote mwishoni?"

"Alinisalimu." Mzee aliinua uso, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Nilisikia 'Shika...', upepo wa ziwa ukala mwisho wa neno, lakini salamu haijifichi. Adabu yake ile ile, mwanangu, hata akiwa ananing'inia kule chini! Nami sikumnyima. Nikamwitikia kwa nguvu, 'Marahaba!'"

Akaupunga mkono wa kulia juu, kama alivyoupunga siku ile.

Hilda aliutazama ule mkono.

"Baba," alisema polepole, "asubuhi si mlikuwa mmeshasalimiana?"