Bega la Mzee Shekue

Jeneza lilikuwa limekwisha kuinuliwa pembe tatu. Ya nne ilining'inia, kwa sababu Mzee Shekue, ambaye pembe hiyo aliachiwa kwa heshima, alikuwa amefumbata mikono nyuma ya mgongo.

"Mzee, bega," alisema Bwana Mbwana, mwenyekiti wa Watanzania Waislamu wa Fort Worth, mtu aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, hususan ule alioupanga mwenyewe.

"Sibebi."

"Ni mkeo huyu!"

"Namjua."

Ramla, binti yao wa pekee, alihisi uso ukimwaka. Alikuwa muuguzi Houston, na alfajiri ile alikuwa ameendesha gari peke yake kutoka kwake Pearland, kando ya Houston, akiapa njia nzima. Chumba cha baba yake nyumbani kwake kilikuwa tayari, kitanda kimetandikwa. Lakini kama Mzee angekataa kumbeba mama leo, asingelala chumbani humo.

Maana mama alikuwa ameomba. Siku zake za mwisho, saratani ikiwa imembakizia mifupa na ucheshi, alimshika Ramla mkono. "Mwambie baba yako mimi ni mwepesi sasa. Atanibeba."

Ujumbe ulifika. Mzee aliusikiliza, akaenda kutawadha.

Tangu wahamie Texas hakuna aliyewahi kumwona chini ya jeneza. Alisalia maiti, alifukia makaburi, alikaa matanga mpaka mikeka ikakunjwa. Kubeba, hapana. Sababu hakuitoa, na watu wakinyimwa sababu huitafuta wenyewe. Ilijulikana kwamba mwaka 1979, akiwa mwanafunzi Madina, alikwenda Makka, na alikuwa ndani ya Msikiti Mtukufu asubuhi ile watu wenye silaha walipoifunga milango baada ya sala ya alfajiri, wakamtangaza mwenzao kuwa Mahdi anayesubiriwa na kuuasi ufalme. Alitoka kwa kupitia dirishani. Miezi michache baadaye serikali ya Saudia ikamfukuza nchini. Wenye huruma walisema anaogopa maiti, kwa aliyoyaona. Wengine, Mbwana akiwamo, walinong'ona kwamba mateka hafukuzwi, hufukuzwa mshirika. Ramla alikuwa amekua katikati ya kauli hizo mbili, asijue ailalie ipi.

Mwenyewe akiulizwa, alijibu kwa uchache. "Mfalme alisema nyumba ile ni yake kuilinda. Waasi wakasema ni yao kuisafisha. Mwenye nyumba hakuulizwa."

"Na bunduki zote zile, Mzee, ziliingiaje na walinzi wapo?" mdadisi mmoja aliwahi kuuliza.

"Zilibebwa." Kisha akaomba sukari ya chai.

Sasa Mbwana alikuwa amepandisha sauti, uani kwa msikiti, mbele ya watu wote. "Jeneza halina mgeni! Ukilikuta njiani unatia bega, hata marehemu humjui. Makka kwenyewe watu hupigania kubeba wasiowajua, kwa ajili ya thawabu tu!"

"Najua," alisema Mzee Shekue.

"Basi unaogopa nini?"

"Siogopi. Nakataa. Hayo ni mambo mawili, Mbwana, na wewe umezoea moja."

Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Jeneza likayumba. Ramla akapenya katikati ya wanaume.

"Rudi kwa wenzako, mwanangu," alisema Mbwana.

"Wenzangu wanalia. Mimi kazi yangu ni kunyanyua watu."

"Mwanamke habebi jeneza!"

"Basi mpe mwanamume. Yule pale." Akamwonyesha baba yake kwa kidevu.

Hakuna aliyesogea. Ramla akainama, akatia bega chini ya pembe ya nne, akasimama. Mbwana akawapisha njia. Wakaenda kuelekea gari la maiti. Mzee Shekue alifuata kando ya binti yake, hatua kwa hatua, macho yake hayakuwa barabarani wala kwa watu; yalikuwa juu ya bega lile. Ramla aliyaona. Akayahesabu kuwa ni aibu, akasema moyoni: imekuja, lakini imechelewa.

Makaburini, nje ya Mansfield, Mzee alifukia kwa mikono yake mpaka udongo ukaisha. Watu walipotawanyika, alimkuta Ramla amesimama mbele ya mlango wa gari, funguo zimo kiganjani.

"Haingii mtu humu kwenda Pearland mpaka nijibiwe," alisema. "Mama alikuomba jambo moja tu. Ulikuwa nao, Baba? Wale wa Makka. Ulikuwa mmoja wao?"

Mzee alikung'uta udongo kwenye kanzu.

"Lilikuwa zito?"

"Nini?"

"Jeneza la mama yako."

"Hapana. Kama unyoya. Alikuambia."

"Aliniambia. Nami nilikuwa nakutazama bega, nione kama ni kweli."

Upepo ulipita juu ya kaburi jipya.

"Lile la Makka lilikuwa zito," alisema. "Lilinipita mlangoni mwa Msikiti kabla ya alfajiri, simjui marehemu wala waliomleta. Nikawasukuma watu, nikapata pembe. Tulipolitua, ndani kukasikika mlio wa chuma. Nikasema, maskini, huyu ana dhambi nyingi. Nikamwombea maghufira."