Picha Ambazo Hazijachukuliwa

Fundi wa kompyuta alifungua picha nyingine, na chini yake palikuwa patupu kama chini ya zile zote zilizotangulia.

"Majina hayakuja, dada," alisema. "Programu yako ya zamani haikuyaandika ndani ya picha. Iliyaweka pembeni, kwenye faili lake yenyewe."

Faili hilo lilibaki kwenye kompyuta ya zamani, na Mwanakheri alikwisha kufuta kila kilichokuwamo kwa mkono wake, akaigawa kwa jirani, baada ya kuhakikisha picha zote zimehama. Miaka miwili, kila alasiri, baba yake aliyekuwa mpiga picha wa mji alimtajia watu naye akiandika: huyu nani, mtoto wa nani, siku ya harusi ya nani. Walikuwa wanakimbizana na ugonjwa uliokuwa ukimla mzee kumbukumbu.

Alirudi nyumbani, akaiweka kompyuta mpya mapajani mwa baba yake. Alimchagulia picha rahisi kuliko zote: mwanamke aliyejitanda kanga, anacheka, ameshika sinia la maandazi.

"Baba, huyu ni nani?"

Mzee aliitazama sana. Akamfuta vumbi shavuni yule mwanamke, taratibu, kwa ncha ya kidole.

"Imetoka vizuri," alisema. "Mwanga umempata. Mwenyewe ameshakuja kuichukua?"

Mwanakheri aliutazama uso wa marehemu mama yake.

"Bado, baba."

"Basi mwekee," alisema mzee, akageuka kuutazama mlango.