Mkono wa Heri

Siku ya kura mjinga alikuwa Machano, na mwenyewe hakatai. Watafiti wa afya walileta mkunga wa kutembelea wajawazito majumbani. Mitaa ilikuwa sita, na kila baada ya miezi miwili ungeongezwa mmoja, kwa zamu ya kura. Machano, akijitapa ana mkono wa heri, akauokotea mtaa wao karatasi. Namba sita, ya mwisho!

Sasa mkewe Zuwena, mwenye mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba, alisimama mlangoni akiutazama mkoba wa buluu wa mkunga ukipotelea mtaa wa pili.

"Zamu yetu itafika tu, mke wangu. Wameahidi hakuna mtaa utakaoachwa."

Zuwena akaushika ule mkono wa heri, akauweka tumboni.

"Haya, mwambie na huyu asubiri zamu."