Plasta ya Zaïtoun

Sauti iliyotoka kwenye kaseti ilikuwa yangu.

Kaseti tupu zilikuwa adimu kisiwani kwetu Nosy Be, kwa hiyo mashabiki wetu wa Mahajanga walitutumia zao za zamani kwa meli. Tulizirekodia nyimbo mpya za bendi, tukazirudisha. Hii ilikuja na kikaratasi: "Nyimbo mpya, tafadhali. Zaïtoun."

Ndani yake mlikuwa na barua niliyomrekodia miaka minne nyuma. "Nisubiri. Bendi ikipata jina tu, nakuja kukuposa."

Niliitoa, nikaigeuza. Mgongoni, kile kipande cha plastiki kinachoruhusu kurekodi juu yake alikuwa amekivunja zamani, mtu asije akafuta maneno yangu. Sasa tundu lile alikuwa ameliziba kwa plasta ya kidonda, ili yafutike.

"Kaka, meli inaondoka saa sita," mpiga ngoma wetu alisema. "Imebaki hiyo moja tu."

Jina tulishalipata tangu mwaka wa pili. Hata kijijini Marodoka watu hawakuoza binti bila sisi kupiga.

Plasta bado ilinukia dawa. Niliibandua taratibu kwa ukucha, nikairudisha kaseti mwanzo, nikamfungia vilevile, bila kuirekodia wimbo hata mmoja.